Binti yetu anaanza darasa la kwanza shule ya masista: atafundishwa nini hasa?

Swali: "Mimi na mume wangu ni Waislamu, tunaishi Tanga. Binti yetu ametimiza miaka sita na Januari anaingia darasa la kwanza kwenye shule ya msingi ya masista iliyo karibu na nyumbani, inayofundisha kwa Kiingereza. Walimu wake wanasifiwa, lakini bibi yake hataki hata kusikia. Naomba kujua mwaka ule wa kwanza anafundishwa nini: ni masomo kama ya shule nyingine, au dini ndiyo inayojaa? Wanaweza kumbatiza sisi hatujui? Na Kiingereza hakitamshinda, ikizingatiwa kwamba jioni anakwenda madrasa?"

Jibu:

Salaam aleikum, dada yangu. Swali lako ni la haki, na bibi naye ana haki ya kuuliza. Nimefundisha darasa la kwanza katika shule za Kanisa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na siku hizi ninawaelekeza walimu wa madarasa ya chini. Nitakujibu kwa yale ninayoyajua ya darasani, bila kuipamba shule wala kukutisha.

Nianze na ubatizo, maana najua ndio unaowanyima usingizi. Kwa mtoto wa shule, mwenye wazazi wake hai na afya yake, jambo hilo halifanyiki kimyakimya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo, inataka mzazi mmoja angalau, au mlezi, aridhie ubatizo wa mtoto mdogo, na pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani hiyo. Tumaini hilo lisipokuwepo kabisa, ubatizo unaahirishwa. Akishatimiza miaka saba, yanahitajika pia mafundisho na nia yake mwenyewe. Na sheria hiyohiyo inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuingia Ukatoliki kinyume na dhamiri yake. Halafu kuna utaratibu wenyewe: ubatizo unaandaliwa parokiani, una mafundisho yake, una wasimamizi, na jina linaandikwa kwenye kitabu cha parokia. Mwalimu wa darasa la kwanza hana njia ya kuyapitisha hayo yote chini ya dawati.

Sasa tuje kwenye masomo. Ukiacha zile chache za kimataifa, kila shule ya msingi iliyosajiliwa nchini, iwe ya serikali, ya Kanisa, ya taasisi ya Kiislamu au ya mtu binafsi, inafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Ulio madarasani sasa ulianza kutumika Januari 2024. Masista hawana mtaala wao wa pembeni. Wazee wengi bado wana picha ya shule za misheni za zamani, zile ambazo padre ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kila kitu. Zile nyingi zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Hizi tunazoziona leo zilianza kuchipua hasa miaka ya 1990, serikali ilipofungua tena mlango kwa shule binafsi za msingi, na ndiyo maana karibu zote zinatoza ada na nyingi zinafundisha kwa Kiingereza. Mkaguzi wa serikali, au mthibiti ubora kama anavyoitwa siku hizi, anaingia humo kama anavyoingia shule nyingine yoyote.

Na mtaala huo, kwa darasa la kwanza, umejengwa juu ya nguzo ambayo kila mzazi ameshaisikia: KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mkazo huo ulitiwa nguvu na mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili, baada ya kilio cha miaka mingi kwamba watoto wanafika madarasa ya juu hawajui kusoma sentensi. Vipindi vya madarasa haya ni vya dakika 30, na ukiiangalia ratiba ya wiki utaona KKK inakula sehemu kubwa. Afya na mazingira, utamaduni, sanaa na michezo vinafuata kwa mbali.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, maana wazazi wengi wanaokuja kwangu na hofu ya dini wanasahau kuuliza habari ya kusoma, na kusoma ndiko kunakouamua mwaka wa kwanza.

Mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili anaanza na irabu, a e i o u, kila moja na sauti yake isiyobadilika. Kisha anapewa konsonanti kwa sauti yake, si kwa jina lake: m ni mdomo uliofumbwa na mngurumo wa puani. Anaiunganisha na a, anapata ma. Akiirudia anapata mama. Baada ya hapo safari ni ya kuongeza herufi mpya moja moja na kurudia za nyuma. Vigingi huanza kwenye silabi zenye konsonanti zaidi ya moja: mba, nda, nywa, ng'a. Mtoto aliyekuwa akisoma "baba" na "kaka" kwa mbio anafika kwenye "ng'ombe" anasimama, anamtazama mwalimu. Ni kawaida kabisa, wala si dalili ya uzito wa akili.

Binti yako ataanza na Kiingereza, na Kiingereza ni kigumu zaidi kwa jicho la mtoto wetu. Herufi a inasikika vingine kwenye "cat" na vingine kwenye "name". Irabu zenyewe zina majina yanayomchanganya: e ya Kiingereza inaitwa "ii", na i inaitwa "ai". Matokeo yake nimeyaona kwenye madaftari mengi mno: mwalimu wa Kiswahili anasoma imla, anasema "piga", mtoto anaandika "pega". Anasema "lima", mtoto anaandika "lema". Mzazi anadhani mtoto hasikii vizuri. Anasikia. Amechukua jina la herufi ya lugha moja akalipeleka kwenye lugha nyingine, na hilo linarekebishwa kwa wiki chache kama mwalimu amelitambua. Ndiyo sababu ukienda shuleni swali la kwanza kuuliza ni hili: je, watoto wanafundishwa herufi kwa sauti zake au kwa majina yake? Na Kiswahili kinafundishwa na nani, vipindi vingapi kwa wiki? Shule inayojibu kwa haraka na kwa uhakika ni shule inayojua inachofanya. Inayoanza kukuonyesha basi jipya na sare, endelea kuuliza.

Kuna ujanja mmoja wa watoto ambao nataka uufahamu mapema. Watoto wa miaka sita wana kumbukumbu kali. Kitabu kikisomwa darasani mara nne, wengine wanakikariri chote, na jioni wanakusomea wakipitisha kidole chini ya maneno bila kukosea. Mama anafurahi, anampigia shangazi simu. Wewe ziba picha kwa kiganja, kisha mwombe aanze na mstari wa mwisho. Au andika kwenye karatasi maneno yasiyokuwepo duniani: "luti", "pemo", "zaku". Anayesoma kweli atayasoma, labda atacheka. Aliyekariri atakutazama usoni akitafuta jibu. Ukilifanya zoezi hilo mwezi wa Juni, kabla ya likizo, bado una nusu mwaka wa kurekebisha. Ukingoja ripoti ya Desemba umechelewa, kwa sababu ripoti nyingi za darasa la kwanza zina alama nzuri kupita hali halisi.

Nyumbani ongeeni Kiswahili chenu. Wapo wazazi wanaolazimisha Kiingereza cha kubabaisha mezani ili kumsaidia mtoto, na nasema kwa uzito wote kwamba hawamsaidii. Mtoto mwenye maneno mengi kwenye lugha ya nyumbani ana mahali pa kuyaweka maneno mapya. Msimulieni hadithi, mwacheni asimulie na yeye, mpeni kitabu cha Kiswahili dakika kumi kila jioni. Akishajua kusoma kwa lugha moja, ya pili inamjia kwa wepesi. Na jambo lililo upande wenu: mtoto anayekwenda madrasa tayari ameshazoea kwamba alama kwenye ukurasa ina sauti, na kwamba irabu hubadilisha sauti ya herufi. Walimu wa madarasa ya chini wanamtambua mtoto wa namna hiyo, hata kama herufi alizozianza zinakwenda kutoka kulia. Mwanzoni anaweza kuandika namba au herufi zimegeuka. Wenzake wasiojua Kiarabu nao wanageuza b na d, kwa hiyo msihangaike.

Kuandika kwenyewe kunaanza na mkono: kushika penseli, kufuata mstari, kuumba herufi ikae pale inapotakiwa. Kuhesabu ni namba, kujumlisha na kutoa, na kilicho muhimu kuliko vyote ni mamoja na makumi. Mwalimu mzuri ana kopo la vijiti au vizibo vya soda. Watoto wanahesabu vijiti kumi, wanavifunga kwa mpira, na fungu lile linakuwa kumi moja. Mtoto aliyeyashika mafungu kwa mikono yake anaelewa kwa nini 32 si 23. Aliyeimbishwa namba tu hadi mia atakwama darasa la pili kwenye kutoa kwa kukopa. Ukipita dirishani ukaona vijiti na vizibo, hiyo ni alama nzuri.

Sasa dini, na hapa sitakuficha kitu, kwa sababu shule inayomwambia mzazi Mwislamu kwamba "hapa hatugusi dini" inamdanganya.

Shule ya masista ina sala asubuhi mstarini, mara nyingi baada ya wimbo wa taifa, ambao nao ni dua tunayoimba sote. Ina sala kabla ya chakula na kabla ya kwenda nyumbani, na shule nyingi husimama saa sita mchana kwa sala ya Malaika wa Bwana. Ukizijumlisha sala hizo kwa siku ya kawaida hazifikii kipindi kimoja. Mtoto wa darasa la kwanza Mkatoliki anajifunza Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe Baba. Anazoea kusalimu "Tumsifu Yesu Kristo" na kuitikia "Milele na milele, amina". Anasimuliwa uumbaji, safina ya Nuhu, Musa kwenye kikapu mtoni, Daudi, kondoo aliyepotea, Msamaria mwema. Nyingine mnazijua na ninyi, kwa maana Nuhu, Musa na Daudi ni manabii wenu pia. Lakini atasikia pia kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, na hilo linapingana na mnavyomfundisha nyumbani. Afadhali mlijue leo na mlizungumze naye mapema, kwa maneno ya mtoto, kuliko aje kuwauliza ghafla.

Mwaka nao una mwendo wake. Kuna Jumatano ya Majivu na Kwaresima, Njia ya Msalaba siku za Ijumaa, rozari mwezi wa Oktoba, Misa za shule, na sikukuu ya somo wa shule, yaani mtakatifu ambaye shule imepewa jina lake, siku ambayo watoto wanakula pilau na kucheza ngoma. Kundi la Utoto Mtakatifu utaliona katika shule nyingi. Ni shirika la Kanisa zima la watoto kuwasaidia watoto wenzao, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. Watoto wanaimba, wanachangia sarafu, wanatembelea wagonjwa. Kujiunga ni hiari. Mafundisho ya Komunyo ya kwanza hayamhusu binti yako hata kidogo, na hata Wakatoliki wenzake watayapata baadaye na kwa kawaida parokiani, kwa katekista.

Je, yeye atakuwa wapi wakati wa haya yote? Hapo ndipo shule zinapotofautiana, na ndipo unapotakiwa kuzungumza na mwalimu mkuu kabla ya kulipa ada, si baada ya tatizo. Kwenye shule za serikali mnazozizoea, kipindi cha dini kikifika watoto wanagawanyika, kila kundi na mwalimu wake. Baadhi ya shule za Kanisa zinafanya hivyohivyo na zinamkaribisha ustadhi. Nyingine zinawaacha watoto Waislamu wabaki maktaba au wafanye kazi za darasani. Nyingine zinataka wote wakae kipindini, ila hawalazimishwi kusali wala kupiga Ishara ya Msalaba. Uliza ni ipi kati ya hizo. Uliza: kwenye Misa ya shule atakaa wapi? Somo la dini lina mtihani, na alama zake zinaingia kwenye wastani? Anaweza kuvaa hijabu juu ya sare? Mwezi wa Ramadhani akiamua kujaribu nusu siku kama watoto wafanyavyo, atapumzika wapi wenzake wakila? Nani anachinja nyama ya shuleni? Hakuna hata moja kati ya hayo lililo la aibu. Nimekaa na wazazi Waislamu wengi kwenye ofisi za masista, na walioyauliza wazi mwanzoni ndio walioishi na shule kwa amani.

Mkizungumza na Sista, mna haki ya kumkumbusha mambo ambayo yeye mwenyewe anayaamini. Tarehe 28 Oktoba 1965, siku moja, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitoa matamko mawili. Moja lilisema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. La pili, kuhusu dini nyingine, lilisema Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Kwa mtawa aliyesomea malezi hayo si mageni. Na Katiba yetu, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu kuamini dini anayoitaka.

Kuna kitu kingine kinachofundishwa kwenye shule hizi ambacho hakiko kwenye kitabu chochote, na kwa maoni yangu ndicho wazazi wa dini zote wanachokifuata hata wasipokitaja. Mtoto anafundishwa kutulia. Anafundishwa kupanga foleni bila kusukumana, kusema asante kwa mama wa jikoni, kurudisha penseli ya mwenzake, kuomba radhi kwa jina: "Nisamehe, Amina, nimekusukuma." Jumatatu anakaguliwa kucha na soksi. Anamwagilia mche uliopandwa na darasa lake. Hayo yakifanywa kwa upole yanamjenga mtoto. Yakifanywa kwa fimbo na kufokewa yanamfunga mdomo, na mtoto aliyefungwa mdomo hasomi kwa sauti. Kwa hiyo ulizia nidhamu inavyosimamiwa, na ukae kwenye benchi la nje wakati wa mapumziko uangalie watoto wanavyomkimbilia au wanavyomkwepa mwalimu wao. Nusu saa hapo itakuambia mengi kuliko kipeperushi cha shule.

Kuhusu bweni, ikiwa mtu atakushauri umpeleke huko ili azoee Kiingereza haraka: tangu Machi 2023 serikali imesitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Nami naunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa miaka sita alale kwao.

Madrasa isimkose, lakini isimchoshe. Mtoto anayetoka shule saa tisa, akaingia madrasa saa kumi, kisha akakuta kazi za nyumbani kurasa nne, atasinzia juu ya daftari. Mwonyesheni mwalimu wa darasa ratiba ya madrasa yake na mkubaliane kazi za nyumbani ziwe fupi, hasa siku za katikati ya wiki. Zungumzeni na ustadhi pia. Walimu wawili wakijua habari za mtoto mmoja, mzigo unapungua. Na bibi msimwache nyumbani siku ya kwenda kuiona shule. Mpelekeni, aulize mwenyewe la ubatizo kwa Sista na ajibiwe mbele yenu.

Kati ya sasa na Januari usimkimbize na vitabu vya Kiingereza. Mfundishe kufunga vifungo vya sare na kufungua mkanda wa viatu mwenyewe, kwenda chooni na kunawa bila kusindikizwa, kutaja jina lake kamili, majina yenu na namba ya simu ya nyumbani. Mpe karatasi na penseli achore. Mzoeze kulala saa mbili usiku, walau wiki tatu kabla shule haijafunguliwa, maana basi la shule huko Tanga linapita mapema.